Leseni za Programu Huria: Idhini Yenye Masharti na Hukumu ya Kuuza Kilichojengwa Juu Yake

  

Kazi ya kutengeneza tovuti na mifumo ya intaneti imekuwa chumo la vijana wengi wa Kiislamu. Kijana hupatana na mteja, humtengenezea mfumo wa kusajili wanafunzi, wa kupokea malipo au wa kuuza bidhaa, kisha hulipwa ujira wake. Lakini ukiufungua mfumo huo ndani, utakuta sehemu kubwa hakuiandika yeye. Kalenda imeandikwa na mtu mmoja, sehemu ya kuingilia kwa neno la siri imeandikwa na mwingine, na kinachochora michoro ya hesabu kimeandikwa na wa tatu. Watu hao wako nchi mbalimbali na wala hawajuani. Waliweka kazi zao kwenye intaneti ili anayezihitaji azichukue. Kijana wetu amezichukua, ameziunganisha, ameuza.

Je, biashara hiyo ni halali? Na mtu aliyekitoa kitu chake bila ya kudai senti, anabakiwa na haki gani juu ya aliyekichukua?

Jibu kwa ufupi ni kuwa kuuza kunajuzu, kwani wenye kazi zao wameruhusu kwa maandishi. Lakini idhini waliyotoa imefungamana na masharti, na mwenye kuyaacha masharti huwa ameiacha idhini yenyewe. Ufupi huu unahitaji ufafanuzi, kwani wengi huchukua nusu ya kwanza ya jibu wakaiacha ya pili.

Programu haikosi mwenyewe

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba programu ya kompyuta ni maandishi. Mtunzi huiandika kwa lugha maalumu ambayo mwanadamu aliyejifunza huweza kuisoma na kuirekebisha. Maandishi hayo huitwa msimbo asilia. Mara nyingi hugeuzwa kuwa umbo jingine ambalo mashine hulifahamu, lakini mtu hawezi tena kulisoma kwa wepesi. Mwenye msimbo asilia anaweza kuitengeneza programu. Asiye nao anaweza kuitumia tu.

Kwa kuwa programu ni maandishi, sheria za nchi huilinda kama zinavyolinda kitabu. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara, Namba 7 ya mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Mtunzi huwa mmiliki tangu pale anapoandika. Na kwa kuwa Kenya na Tanzania zimo ndani ya Mkataba wa Berne, kazi ya mtunzi wa Ujerumani inalindwa Mombasa kama inavyolindwa kazi ya mtunzi wa Mombasa.

Matokeo ya asili hii ni kuwa kunyamaza kwa mtunzi si ruhusa. Msimbo uliokutwa kwenye intaneti bila ya maneno yoyote ya idhini haukuachiwa watu wote. Mfano wake ni embe lililoanguka ndani ya ua wa mtu: kuonekana kwake na mpita njia hakumpi mpita njia haki ya kuingia na kuliokota. Kinachompa haki ni neno la mwenye ua. Neno hilo, katika mambo ya programu, ndilo linaloitwa leseni.

Zilivyoanza leseni huria

Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa GNU. Lengo lake lilikuwa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kilichomsukuma ni kuona makampuni yakianza kuficha msimbo asilia, hata mwenye kununua programu akawa hawezi kuitengeneza inapoharibika.

Akakabiliwa na tatizo. Kama angeiacha kazi yake bila ya sharti, kampuni yoyote ingeichukua, ingeiongezea kidogo na kuifunga, na watakaonunua baadaye wasipate uhuru aliokusudia. Kwa hiyo akaitumia sheria ya hakimiliki kinyume na ilivyozoeleka. Alibaki mmiliki, akatoa idhini pana, na akaweka sharti: atakayeigawa kazi hii, au kazi iliyojengwa juu yake, aigawe kwa uhuru ule ule alioupokea. Sharti hilo liliandikwa katika leseni iitwayo GPL, iliyotolewa mara ya kwanza Februari 1989. Toleo la pili likatoka Juni 1991, na la tatu tarehe 29 Juni 2007.

Upande mwingine, Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley na chuo hicho cha MIT vilikuwa vikitoa programu zao kwa leseni nyepesi zaidi, zisizomlazimisha mchukuaji kufungua kazi yake mwenyewe. Mwaka 1998 ikaundwa taasisi iitwayo Open Source Initiative, ambayo huzipitia leseni na kueleza zipi zimetimiza vigezo vya programu huria.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya kitu kisicho na bei na maana ya kitu kisicho na kifungo, na kwa ajili hiyo Stallman amelazimika kueleza makusudio yake kwa miaka mingi. Sisi tuna maneno mawili: bure na huria. Programu huria inaweza kuuzwa, na GPL yenyewe inaruhusu kutoza fedha. Na programu ya bure inaweza kuwa imefungwa kabisa. Asiyetofautisha maneno haya mawili atakosea katika mengi yanayofuata.

Watu wa Kiswahili nao wameonja faida ya idhini hizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotiwa kwa Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kuiomba ruhusa kampuni yoyote ya Marekani, kwani leseni ilikwisha kuruhusu kubadilisha na kugawa.

Aina za leseni na kila moja inataka nini

Leseni ni nyingi, lakini zinazokutwa mara kwa mara katika kazi za tovuti zinarudi kwenye mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni leseni nyepesi, mfano MIT, BSD na Apache. Hizi zinamruhusu mtu kuchukua, kubadilisha, kuuza na hata kuficha msimbo wa kazi yake. MIT inataka jambo moja: tamko la hakimiliki la mtunzi, pamoja na maneno ya leseni, vibaki katika kila nakala. BSD yenye vifungu vitatu inaongeza kuwa usitumie jina la mtunzi kuitangaza bidhaa yako bila ya ruhusa yake. Apache toleo la 2.0, la mwaka 2004, inataka faili ulizozibadilisha uzitaje kuwa zimebadilishwa, na kama mtunzi ameweka faili la matangazo, maneno yake yaende pamoja na kazi. Nayo inatoa idhini ya hataza za waliochangia, na idhini hiyo humkatikia anayefungua kesi ya kudai kuwa programu hiyo imevunja hataza yake.

Fungu la pili ni leseni ya kati, LGPL. Hii hutumika sana kwa maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vilivyoandikwa ili vitumiwe na programu nyingine. Mtu anaweza kuitumia maktaba hiyo ndani ya programu yake iliyofungwa, lakini mabadiliko aliyoyafanya kwenye maktaba yenyewe ayaache wazi, na asimzuie mtumiaji kuweka toleo jingine la maktaba hiyo.

Fungu la tatu ni leseni zenye sharti la kurithiana, nazo ni GPL na AGPL. Ukijenga kazi yako juu ya kipande cha GPL kiasi kwamba viwili hivyo vimekuwa kazi moja, kisha ukaigawa, basi kazi nzima inagawiwa kwa GPL na aliyeipokea ana haki ya kupata msimbo asilia wake.

Tena, leseni mbili zinaweza kuwa kila moja ni nzuri peke yake na zisikubaliane. Kwa mujibu wa taasisi ya Free Software Foundation, ambayo ndiyo inayotoa GPL, kipande cha Apache 2.0 kinaweza kuunganishwa na kazi ya GPL toleo la tatu, lakini hakiunganishwi na kazi iliyo chini ya toleo la pili peke yake.

Ni lini mtu wa tovuti huwa amegawa?

Masharti mengi tuliyoyataja huanza kufanya kazi pale nakala inapogawiwa. Mtu anayeitumia programu ya GPL ndani ya ofisi yake tu, hata akiibadilisha, hadaiwi kumpa yeyote msimbo wake. Basi ni lini mwenye tovuti huhesabiwa kuwa amegawa?

Tovuti ina pande mbili. Upande mmoja unakaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kujibu maombi. Upande wa pili husafiri mpaka kwenye simu au kompyuta ya mtembeleaji na kufanya kazi ndani ya kivinjari chake. Sehemu hii ya pili, ambayo mara nyingi huandikwa kwa JavaScript, ni nakala inayotumwa kwa kila anayeifungua tovuti. Kwa hiyo upande wa kivinjari unagawiwa kila siku, na masharti yake yanafanya kazi kila siku. Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea: zana za kubana faili ili tovuti iwe nyepesi huweza kufuta maelezo yote yaliyomo, na tamko la mtunzi likafutwa pamoja nayo. Fundi hakukusudia dhulma, lakini sharti pekee la MIT limeanguka.

Ama sehemu ya seva, mtembeleaji hapati nakala yake. Kwa sababu hiyo makampuni yaliweza kuchukua kazi ya GPL, kuibadilisha na kuitoa kama huduma ya intaneti bila ya kufungua chochote. AGPL toleo la tatu, ya Novemba 2007, iliwekwa ili kuziba mwanya huo. Inasema kuwa ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape watu hao njia ya kuupata msimbo wa toleo ulilolibadilisha.

Lipo jambo la tatu ambalo mafundi wengi hulisahau. Fundi anapomkabidhi mteja wake mfumo mzima, pamoja na sehemu ya seva, hapo amegawa. Mteja amepokea nakala. Ikiwa ndani yake mna kazi ya GPL, mteja huyo ana haki ya msimbo asilia, na ana haki ya kunakili na kubadilisha. Fundi hawezi kumwandikia mkataba wa kumzuia mambo ambayo leseni imempa. Hapohapo tuondoe hofu moja: GPL haimlazimishi mteja kuutangaza mfumo wake kwa ulimwengu mzima. Akiutumia mwenyewe bila ya kuugawa, hana deni hilo.

Zilivyohukumu mahakama

Kwa muda mrefu walikuwepo waliosema kuwa leseni hizi ni nasaha tu na haziwezi kusimama mahakamani. Kesi tatu zinatosha kuonesha mambo yalivyokwenda.

Ya kwanza ni ya Ujerumani. Harald Welte, mmoja wa watunzi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, aliishitaki kampuni ya Sitecom iliyokuwa ikigawa kazi hiyo bila ya kutimiza masharti ya GPL. Tarehe 19 Mei 2004 mahakama ya Munich ilimpa haki. Hoja yake inafahamika vizuri na mwanafunzi wa fiqhi: ikiwa mshitakiwa anadai kuwa GPL si halali, basi hana idhini yoyote iliyobaki, na amegawa mali ya mtu bila ya ruhusa. Huwezi kuipokea idhini na kulikana sharti lake kwa pumzi moja.

Ya pili ni ya Marekani. Robert Jacobsen alisimamia programu ya kuendeshea garimoshi za mfano, iliyotolewa kwa leseni iitwayo Artistic License. Kampuni ya Matthew Katzer ikachukua mafaili yake, ikayatia ndani ya bidhaa ya kuuza, na majina ya watunzi pamoja na maelezo ya mabadiliko hayakuonekana. Mahakama ya chini iliona mwaka 2007 kuwa leseni ni pana mno, na kwamba kuyaacha maneno yake, kama kuna kosa, ni kuvunja mkataba tu. Tarehe 13 Agosti 2008 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Ilisema kuwa maneno yale ni masharti ya idhini, na anayetoka nje ya masharti ametoka nje ya idhini. Ikasema pia kuwa kutodai fedha si dalili ya kuwa mtunzi hana anachokitaka, kwani kuna manufaa mengine, mfano kutambulika na kurudishiwa marekebisho.

Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mas-ala yetu. Nchini Ufaransa, kampuni ndogo iitwayo Entr'ouvert iliandika maktaba iitwayo Lasso, inayomwezesha mtumiaji kuingia mara moja tu na kufikia huduma kadhaa za intaneti. Lasso ilitolewa kwa njia mbili: anayekubali GPL toleo la pili aichukue bila ya malipo, na asiyetaka masharti hayo anunue leseni ya kibiashara. Mwaka 2005 kampuni kubwa ya simu, Orange, ilipata zabuni ya serikali ya kutengeneza tovuti ya huduma za umma, na ndani ya mfumo ilioukabidhi mlikuwa na Lasso. Entr'ouvert ikalalamika kuwa Orange haikununua leseni ya biashara na wala haikutimiza masharti ya GPL. Ikafungua kesi mwaka 2011.

Mahakama ya mwanzo mwaka 2019, na ya rufaa mwaka 2021, ziliona kuwa mgogoro huu ni wa mkataba, si wa kuvunja hakimiliki. Tarehe 5 Oktoba 2022 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika madai iliitengua hukumu ya rufaa. Shauri likarudi Paris, na tarehe 14 Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaihukumu Orange kuwa imevunja hakimiliki na kuiamuru ilipe fidia iliyozidi yuro 500,000. Kipande kimoja, ndani ya tovuti moja, kimezaa kesi ya miaka kumi na tatu.

Mtazamo wa kifiqhi

Tuliyotaja ni sheria za nchi. Je, mizani ya fiqhi inasemaje? Tunayoyaeleza hapa ni mafananisho ya kuwasaidia wanafunzi kuifahamu sura ya mas-ala. Fatwa ni ya maulamaa wenye ujuzi.

Kwanza, je, haki ya mtunzi ni mali? Fuqahaa wa zamani walikhitalifiana kuhusu manufaa. Mahanafi hawakuyahesabu kuwa ni mali yenye thamani isipokuwa yanapoingia katika mkataba, na Jumhuri, wakiwemo Mashafii, waliyahesabu kuwa ni mali. Katika zama zetu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuikubali haki ya mtunzi kama mali ya kuuzwa, ilhali mwanawe, Mufti Muhammad Taqi Usmani, ameikubali. Majma ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, iliamua katika azimio lake namba 43 kuwa jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya kifedha, zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Pili, idhini yenye mpaka. Programu huria haikutolewa kama hiba inayohamisha umiliki. Mtunzi anabaki mmiliki, na anayechukua ameruhusiwa kunufaika kwa namna iliyotajwa. Jambo hili linakaribiana na ariya, yaani kuazima. Kwa kauli iliyo sahihi kwa Mashafii, aliyeazimwa kitu hamwazimi mwingine bila ya idhini, kwa kuwa amehalalishiwa kunufaika na hakumilikishwa manufaa. Imamu al-Qarafi naye, katika kitabu chake al-Furuq, ametenganisha baina ya kumilikishwa kunufaika na kumilikishwa manufaa. Leseni huria ni pana kuliko ariya, kwani yenyewe inaruhusu kugawa. Lakini asili ni moja: upana wa ruhusa unajulikana kutokana na maneno ya aliyeruhusu.

Tatu, masharti. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba. Na imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Waislamu husimama juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kubakisha jina la mtunzi, na kumpa mpokeaji msimbo asilia, si katika masharti yanayoharamisha halali.

Wengine hupenda kuifananisha programu huria na wakfu, na mfano huo una sura ya ukweli, kwa kuwa katika wakfu pia sharti la mwenye kuweka huchungwa sana. Lakini tahadhari. Kitu cha wakfu hakiuzwi, na aliyekiweka hakirudii. Programu huria huuzwa, na mmiliki anaweza kuitoa pia kwa leseni nyingine, kama ilivyokuwa Lasso. Anaweza hata kubadilisha leseni ya matoleo yajayo. Mfano ni Elasticsearch, ambayo mwaka 2021 iliacha leseni ya Apache kwa matoleo mapya, kisha mwaka 2024 ikaongeza chaguo la AGPL. Matoleo yaliyokwisha kutolewa kwa Apache yalibaki na idhini yake ya mwanzo.

Hoja zinazosikika na majibu yake

Hoja ya kwanza: "Amekitoa mwenyewe bure, hivyo hana haki tena." Jibu lake limekwisha kupita. Hakudai fedha, lakini ametaka kutajwa, au ametaka uhuru aliotoa uwafikie wengine. Hicho ndicho alichokiweka mahali pa bei, na mwenye kuchukua bidhaa na kukataa bei yake hawezi kusema kuwa amepewa.

Hoja ya pili: "Wako mbali, hawatajua." Hoja hii haifai kutoka kinywani mwa anayeamini kuwa kuna Mwenye kujua.

Hoja ya tatu: "Mimi nafuata kauli ya wasioikubali haki ya mtunzi." Hata kwa mwenye kufuata kauli hiyo, yanabaki mambo mawili. Kwanza ni sheria ya nchi, ambayo haikumwamrisha kufanya maasi. Pili ni mkataba wake na mteja. Ikiwa amemwandikia kuwa kazi yote ni yake na anamhamishia umiliki wake wote, naye anajua kuwa sehemu kubwa ni ya watu wengine, basi amemuuzia asichokimiliki na ameficha alichotakiwa kukieleza. Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu chini yake, na akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Mteja wa tovuti hawezi kutia mkono ndani ya msimbo, kwa hiyo amana iliyo juu ya fundi ni nzito zaidi.

Yafaayo kufanywa

1. Kabla ya kuchukua kipande, isome leseni yake. Kisicho na leseni kiache, au mwandikie mtunzi umwombe.

2. Weka daftari la vipande vyote: jina, toleo, leseni na mahali ulipokitoa. Kumbuka kuwa kipande kimoja huja na vingine vinavyokitegemea, na hivyo navyo vina leseni zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Desemba 2021 ilipotangazwa kasoro kubwa ya usalama katika Log4j, kipande huria cha kuwekea kumbukumbu ndani ya programu za Java, wenye daftari walijua mara moja kama wameathirika, na wasio nalo ikawabidi wapekue mifumo yao yote.

3. Bakisha matamko ya hakimiliki. Katika upande wa kivinjari, weka ukurasa au faili linalotaja watunzi na leseni zao, na hakikisha zana ya kubana faili haiyafuti.

4. Kipande cha GPL au AGPL usikitie katika kazi unayotaka kuifunga. Tafuta kingine chenye leseni nyepesi, au nunua leseni ya biashara ikiwa mmiliki anaiuza.

5. Mweleze mteja kwa maandishi kipi umekiandika wewe na kipi ni cha wengine. Unachomuuzia ni kazi yako, ufundi wa kuunganisha na huduma ya kuutunza mfumo. Ujira wa hayo ni halali bila ya shaka.

6. Ubebe dhamana ya aibu. Leseni hizi, karibu zote, husema kuwa mtunzi hadhamini chochote. Mteja amenunua kwako, naye anakurudia wewe, si mtunzi wa mbali asiyemjua.

7. Ukigundua kuwa umekiuka, rekebisha haraka. Katika GPL toleo la pili, anayekiuka hukatikiwa na idhini papo hapo. Toleo la tatu limefungua mlango: anayekosea kwa mara ya kwanza, akatahadharishwa na mmiliki na akarekebisha ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa, hurudishiwa idhini yake moja kwa moja.

Misikiti, madrasa na taasisi zetu nazo zina sehemu yao. Tovuti nyingi hujengwa kwa WordPress, ambayo iko chini ya GPL tangu ilipotoka mwaka 2003. Taasisi inayonunua tovuti ya namna hii na ipewe nakala ya msimbo wake, na iulize daftari la vipande. Si vibaya kumuuliza fundi, kama si vibaya kumuuliza mchinjaji alichinja vipi.

Hitimisho

Tumeona kuwa kuuza programu iliyojengwa juu ya kazi huria ni jambo lililoruhusiwa na wenye kazi hizo, na kuwa haramu haipo katika kuuza bali katika kuvunja sharti na kuficha. Kwa kipande cha MIT, sharti hilo ni mistari michache ya jina la mtu na maneno yake. Aliyefanya kazi usiku na mchana akakuachia utajirike kwayo, kisha akataka jina lake lisifutwe tu, hakuomba kikubwa. Na aliyetaka zaidi ya hapo ameeleza wazi, nawe una hiari: ukubali, ununue au uache. Hakuna njia ya nne.

Wallahu a'lam.